Kutoka jukwaani hadi kwenye tasnifu: jibu kwa mwigizaji anayetaka kusoma uzamili

Swali

"Mwalimu, shikamoo. Nina shahada ya kwanza ya mawasiliano ya umma. Kwa miaka sita sasa naigiza na kuongoza kikundi cha watu tisa, na kazi zetu nyingi ni michezo ya afya: kifua kikuu, chanjo za watoto, mambo kama hayo. Nimeona chuo kikuu chenye idara moja inayofundisha mawasiliano na sanaa za maonyesho pamoja, na wanapokea wanafunzi wa uzamili. Maswali matatu yananinyima usingizi. Kwanza, hizi ni fani mbili zilizobanwa chumba kimoja au ni kitu kimoja? Pili, nichukue uzamili wa utafiti au wa utendaji, na nitaandika nini kwenye pendekezo la utafiti wakati ninachojua ni kuigiza tu? Tatu ni kikundi changu. Wenzangu wananiambia jukwaa halisomewi, na kwamba nikienda nitakuwa nimewatupa."

Jibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye maneno haya: "ninachojua ni kuigiza tu." Nitayarudia kwa urefu, maana humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya jibu. Lakini nianze pale ulipoanza wewe.

Ni kitu kimoja kilichotengana. Wagiriki wa kale walikuwa na neno moja, hypokrisis, walilolitumia kwa kazi ya mwigizaji na pia kwa jinsi msemaji anavyoitoa hotuba yake kwa sauti, uso na mikono. Aristotle aliyeandika juu ya tanzia ndiye huyohuyo aliyeandika juu ya balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, na anapofika kwenye utoaji wa hotuba analitumia neno hilohilo la waigizaji. Cicero na Quintilian, Warumi wa kale, wanasimulia kwamba Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Athene, aliulizwa ni jambo gani linalotangulia yote katika uneni. Utoaji, akasema. La pili? Utoaji. La tatu? Utoaji.

Mtengano unaouona leo ni wa juzi tu. Mwaka 1914 walimu 17 wa uneni walikutana Chicago, wakajitenga na chama cha walimu wa Kiingereza, kwa kuwa waliamini kusema mbele ya watu ni taaluma yenye miguu yake, si pambo la fasihi. Chama walichokiunda ndicho leo kinachoitwa National Communication Association. Mwaka huohuo, mjini Pittsburgh, Carnegie Institute of Technology ilianzisha masomo ya shahada ya drama, ya kwanza nchini Marekani. Kwa miaka mingi idara za uneni ndizo zilizoilea thieta: mwanafunzi alijifunza kuhutubia, kughani mashairi na kuigiza chini ya paa moja. Kisha watu wa thieta wakaunda chama chao mwaka 1936, na watu wa mawasiliano wakageukia redio, propaganda, uchaguzi na madodoso. Idara zinazofundisha vyote viwili hadi leo zimerithi ule ukoo wa zamani, hata pale ambapo walimu wake wa sasa hawaukumbuki.

Ujerumani walifika hapohapo kwa njia nyingine. Max Herrmann alikuwa msomi wa fasihi, lakini alishikilia kwamba thieta haikai ndani ya maandishi ya mchezo. Inakaa katika kile kinachotokea kati ya wachezaji na watazamaji walio mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kwa msingi huo chuo cha taaluma ya thieta kilianzishwa Berlin mwaka 1923. Yeye mwenyewe aliuawa na Wanazi kwa kufungwa katika kambi ya Theresienstadt, ambako alifariki mwaka 1942. Wazo lake lisome kama mtu wa mawasiliano: kinachotokea kati ya watu walio pamoja. Hakuna mtu wa fani yako ya kwanza atakayesema hilo halimhusu.

Na kuna mfano mmoja ninaowapa wanafunzi wangu wote. Mwaka 1949 kijana mmoja, Erving Goffman, alikwenda kuishi katika kisiwa cha Unst, huko Shetland, kaskazini kabisa ya Uskoti. Alikaa akitazama watu: wahudumu wa hoteli wakiwa mezani kwa wageni, kisha wahudumu walewale mlango wa jiko ukishafungwa nyuma yao. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1953, ilihusu mwenendo wa mawasiliano katika jamii ya kisiwa. Miaka mitatu baadaye ikazaa kitabu kilichowafundisha wanasosholojia kusema "mbele ya jukwaa" na "nyuma ya jukwaa". Tasnifu ya mawasiliano ndiyo iliyokwenda kuazima lugha ya waigizaji, kwa sababu haikupata lugha nyingine ya kueleza kile alichokiona mlangoni pa jiko.

Kwa hiyo swali la maana kwako si kama fani hizi ni ndugu. Ni ndugu. Swali ni kama katika idara uliyoiona ndugu hao wanasalimiana. Tangazo la chuo halitakuambia. Nenda kwenye orodha ya tasnifu zilizokwisha kutetewa hapo kwa miaka mitano au sita iliyopita. Tazama kama kuna hata moja iliyosimamiwa na walimu wa pande zote mbili. Tazama kama mwanafunzi wa upande wa thieta alitakiwa kusoma somo la mbinu za utafiti pamoja na wale wa mawasiliano. Ukikuta tasnifu za uchambuzi wa magazeti huku, za historia ya tamthilia kule, na hakuna daraja, basi hizo ni idara mbili zinazotumia karani mmoja. Bado unaweza kusoma hapo, ila itabidi daraja ulijenge wewe, na hiyo ni kazi nzito kwa mtu wa mwaka wa kwanza.

Sasa aina ya shahada. Hapa sitakawia, kwa sababu majina yanatofautiana lakini mgawanyo ni uleule. Kuna uzamili wa utafiti, unaoishia kwenye tasnifu. Marekani huwa na krediti 30 hivi, na katika vyuo vingi kwingineko huchukua mwaka mmoja au miwili. Kuna uzamili wa utendaji, ule unaofupishwa M.F.A. (Master of Fine Arts), wenye krediti zisizopungua 60 na kwa kawaida miaka mitatu, unaomnoa mwongozaji, mbunifu wa mandhari, mwandishi au mwigizaji. Huo huhesabiwa kuwa shahada ya mwisho katika ufundi, na Marekani ndio unaotazamwa sana kwa mtu anayetaka kufundisha uongozaji au uigizaji chuoni. Na kuna njia ya tatu, utafiti kupitia utendaji, iliyokomaa sana Uingereza, hasa baada ya mradi mkubwa uliofanyika Chuo Kikuu cha Bristol kati ya 2001 na 2006. Huko onyesho lenyewe linakuwa sehemu ya tasnifu: watahini wanakuja kulitazama, kisha wanasoma maandishi yanayoeleza swali lililoulizwa kwa njia ya onyesho hilo na kilichogunduliwa.

Kwako wewe nasema wazi: chukua wa utafiti, na kama idara inaruhusu, utafiti wenye onyesho ndani yake. M.F.A. ingekunoa mkono, na mkono unao. Miaka sita mbele ya watu walioketi chini, wengine wakinyonyesha, wengine wakiondoka katikati, ni shule ambayo studio za chuo hazina. Unachokosa ni namna ya kumfanya mtu ambaye hakuwepo aamini kile ulichokiona. Ningekushauri vingine tu kama ungeniambia ndoto yako ni kufundisha uongozaji.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye maneno yako.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsimamia mwanafunzi aliyetoka kwenye kazi kama yako. Alikuja na pendekezo juu ya mchango wa sanaa za maonyesho katika kuelimisha jamii kuhusu kifua kikuu. Nikamrudishia. Halikuwa na makosa ya lugha wala ya mpangilio, lakini halikuwa na mtu ndani yake, na jibu lake lilikuwa linajulikana kabla ya safari kuanza: mchango upo, ni mkubwa, changamoto ni fedha. Mapendekezo ya namna hiyo nayapokea kila mwaka, na yananisikitisha, kwa sababu aliyeandika huwa anajua mambo makubwa kuliko aliyoyaandika. Ameyaacha nje akidhani si ya kitaaluma.

Nikamwuliza: katika maonyesho yenu yote, ni lini umewahi kushangaa?

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kuna mahali watu hucheka, na hapachekeshi."

Mchezo wao ulihusu mwanamume anayetibiwa kifua kikuu. Dawa hizo, kama unavyojua, kwa mgonjwa wa kawaida humezwa miezi sita, na hatari kubwa ni pale mtu anapopata nafuu baada ya miezi miwili akaziacha. Kuna tukio ambalo mgonjwa anavichukua vidonge vya siku hiyo, anaviweka chini ya mto badala ya kuvimeza, na mkewe anaingia. Walilitunga liwe tukio la kuhuzunisha. Kila walipokwenda, watu walicheka. Walibadilisha mwigizaji. Wakaongeza ukimya. Wakamwambia mke aingie polepole. Kicheko hakikuondoka, na kikundi kikahitimisha kwamba kuna kasoro katika uigizaji wao.

Alikuwa na video tatu za tukio hilo, zilizochukuliwa sehemu tatu kwa simu, na kwa bahati nzuri katika zote mpigaji alikuwa amesimama pembeni, kiasi kwamba jukwaa na watazamaji wote wanaonekana. Tulikaa nazo alasiri nzima. Tukaenda sekunde kwa sekunde, tukirudisha nyuma, tukisimamisha. Jambo la kwanza tulilogundua ni kwamba kicheko hakianzi vidonge vinapoingia chini ya mto. Kinaanza sekunde mbili kabla, mwigizaji anapogeuza shingo kutazama mlango. Jambo la pili, wanaoanza ni wanaume waliosimama nyuma. Jambo la tatu hakuwa ameliona kamwe, kwa kuwa yeye alikuwa jukwaani akicheza mke na wakati huo alikuwa bado nyuma ya pazia: wanawake walioketi mbele hawacheki. Wanageuka kuwatazama wanaume. Katika video ya tatu kuna mama mmoja aliyegeuka mwili mzima, akalipa jukwaa mgongo, akabaki hivyo mpaka tukio likaisha.

Basi mchezo wa kweli siku ile ulikuwa pale chini, kati ya wale wa nyuma na yule mama.

Swali lake likabadilika palepale. Halikuwa tena "thieta inaelimishaje jamii", bali: wanaume wanapocheka mgonjwa akitazama mlango, wanaambiana nini, na wanawake wanasikia nini? Hilo ni swali la uzamili. Lina mahali pake, watu wake, sekunde zake. Linaweza kujibiwa vibaya, na swali lisiloweza kujibiwa vibaya halina haja ya utafiti.

Angalia sasa jinsi fani mbili zilivyomsaidia, maana hapo ndipo utakapoelewa kwa nini nakusihi usiikimbie nusu yoyote ya idara hiyo. Upande wa mawasiliano ulimlazimisha kupima. Nilimwambia amtafute mwanafunzi mwenzake asiyejua chochote kuhusu swali lake, ampe video zilezile, aweke alama kila anaposikia kicheko. Kisha walinganishe alama zao kwa kipimo cha makubaliano alichokitunga Jacob Cohen mwaka 1960. Mara ya kwanza hawakukubaliana hata kidogo. Mmoja alihesabu mguno, mwingine hakuuhesabu. Mmoja alihesabu kikohozi. Walibishana siku mbili nzima kicheko ni nini: je, mtu anayeziba mdomo kwa kiganja huku mabega yanatikisika amecheka? Ubishi huo ukawa sehemu bora ya sura yake ya mbinu, kwa sababu ilibidi aandike fasili ya kicheko ambayo mtu mwingine angeweza kuitumia bila yeye kuwepo.

Upande wa thieta ndio uliomwambia atazame shingo. Mtu wa madodoso angehesabu kicheko akaendelea na safari. Aliyewahi kusimama jukwaani anajua kwamba shingo inapogeuka kabla ya mkono, hadhira inapewa siri, inaingizwa kwenye njama na mhusika. Kwa hiyo kicheko kilikuwa na maana ya mtu aliyeshirikishwa njama, na hilo ndilo alilokwenda kuwauliza watazamaji aliporudi kuwahoji, wanaume peke yao na wanawake peke yao, akiwaonyesha kipande kilekile cha video. Majibu hayakuwa mamoja. Baadhi ya wanaume walisema walicheka kwa kuwa jirani alicheka. Wengine walisema, baada ya kuzungukazunguka, kwamba wamewahi kuutazama mlango namna ile. Na mama mmoja akasema kwamba siku ile ndipo alipojua.

Alijua nini? Hakusema, na mwanafunzi wangu alikuwa na busara ya kutosha asimwulize zaidi.

Robin Nelson, Mwingereza aliyeandika sana juu ya utafiti kupitia utendaji, anatofautisha ujuzi wa aina tatu: ule ulio mwilini mwa mtendaji, ule unaopatikana mtendaji anapojitazama na kuhoji anachokifanya, na ule wa vitabuni. Wewe wa kwanza unao tele. Unajua hadhira inapopoa. Unajua kwenye mchezo wa chanjo ni neno gani likitamkwa kina mama huvuta watoto wao mapajani. Huo ni ujuzi, usiuite "tu". Ila kwa sasa umo mwilini mwako peke yako, na ukiumwa siku moja umekwenda nao. Kazi ya uzamili ni kuutoa nje ili mtu asiyekujua aweze kuukagua na hata kuupinga.

Anza leo, kabla ya kuomba nafasi popote. Nunua daftari kubwa. Baada ya kila onyesho, kabla hujalala, andika ukurasa wa kushoto kile kilichotokea: tarehe, mahali, watu walikuwa wangapi kwa kukadiria, nani aliketi wapi, mlibadilisha nini, nani aliondoka na wakati gani. Ukurasa wa kulia andika unachofikiri. Usivichanganye kamwe. Ukiandika kushoto kwamba "hadhira ilifurahi", ufute. Andika walifanya nini hata ukasema walifurahi. Maonyesho kumi yaliyoandikwa hivyo yatakupa pendekezo la utafiti lenye uzito kuliko vitabu kumi vilivyosomwa haraka. Vitabu vitakuja, na vitakuwa vingi kuliko unavyodhani, lakini utavisoma ukiwa na kitu unachokitafuta. Mengine ya pendekezo ni ya kawaida: swali, nani ameshaliuliza na alifika wapi, utafanyaje, utawalindaje watu, ratiba. Kurasa tano au sita zinatosha.

Kwa kuwa kazi yako ni ya afya, kuna kisa kimoja lazima ukijue mapema. Mwaka 1985 Dwight Conquergood, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Northwestern, alikuwa katika kambi ya wakimbizi ya Ban Vinai, nchini Thailand, walikoishi Wahmong waliokimbia kutoka Laos. Idara yake ilikuwa imetoka tu kubadilisha jina, mwaka 1984, kutoka idara ya ughanaji wa fasihi hadi ya masomo ya utendaji; zamani ilifundisha watu kusoma mashairi kwa sauti. Kambini kulikuwa na kampeni ya kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, na haikupata hata mbwa mmoja. Conquergood, aliyekataa kukaa nje ya kambi na akaishi kwenye kibanda pamoja na wakazi, hakutengeneza bango. Yeye na waigizaji wa Kihmong waliandaa maandamano yenye simba-milia, pepo na kuku, wahusika wanaotoka katika masimulizi ya Wahmong wenyewe. Kuku ndiye aliyeeleza habari ya ugonjwa, kwa sababu kwao kuku ni mbashiri, neno lake linasikilizwa. Kesho yake vituo vya chanjo vilifurika mbwa, wengine wakivutwa kwa kamba, wengine wamebebwa.

Wanafunzi wengi wakikisikia kisa hiki husema: basi imethibitika, thieta inafanya kazi. Mimi nawataka waulize zaidi. Nani alimchagua kuku? Kabla ya kuku kusema, ni mazungumzo gani yalifanyika ambayo hayapo kwenye picha? Na wahudumu wa afya waliokuwa wameshindwa mwanzo, wao walikuwa hadhira ya nani? Kwa nini mchezo ni wa kuwabadilisha wakimbizi tu na hakuna mchezo wa kuwabadilisha wahudumu? Swali hili la mwisho lipeleke kwenye kikundi chako pia. Michezo yenu ya chanjo inamsemesha mama. Je, kuna hata mmoja unaomsemesha muuguzi?

Kuhusu fedha nitasema jambo moja ambalo waombaji wengi hawalijui. Katika vyuo vingi vya Marekani vyenye idara za namna hii, wanafunzi wa uzamili ndio wanaofundisha somo la msingi la uneni kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kwa kazi hiyo husamehewa ada, yote au sehemu, na kupewa posho. Mwigizaji anafaa sana kwa kazi hiyo. Lakini uliza kwa maandishi: ni madarasa mangapi, wanafunzi wangapi kila darasa, ada gani zinabaki juu yako. Nimeona vijana wakiahidiwa kwa mdomo na kufika wakakuta mengine. Na kama huna uhakika wa fedha za mwaka wa pili, usianze wa kwanza kwa matumaini.

Barua kwa msimamizi iwe ukurasa mmoja. Usimsimulie maisha yako tangu utotoni. Mweleze tukio moja kutoka kwenye daftari, swali linalotokana nalo, na kazi yake moja uliyoisoma kweli na inayokutana na swali hilo. Akijibu kwa kukuuliza swali gumu, huyo ndiye. Akijibu "karibu sana, mada nzuri", endelea kutafuta.

Sasa wenzako. Wanaposema jukwaa halisomewi, usiwabishie kwa hasira. Wanasema hivyo kwa sababu wanakupenda na wanaogopa. Lakini ni kinyume cha historia ya sanaa yetu. Ebrahim Hussein alikuwa tayari mwandishi wa tamthilia anayesomwa na kuchezwa alipokwenda Berlin, Chuo Kikuu cha Humboldt, kuandika tasnifu ya uzamivu juu ya maendeleo ya thieta katika Afrika ya Mashariki. Penina Muhando Mlama alikuwa ameshaandika michezo kadhaa kabla ya tasnifu yake ya mwaka 1983, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyochunguza sanaa za maonyesho za Wakaguru kama chombo cha kufundishia. Tazama hiyo ya pili vizuri. Aliuliza jadi yenyewe ilikuwa inafundishaje, kabla ya kuja kwa wataalamu wa kuelimisha jamii.

Hofu yao ya kutupwa ndiyo yenye uzito, na hapo wana haki. Ukiifanya kazi ya kikundi kuwa data, watu wanane wanageuka kutoka kuwa waigizaji wenzako na kuwa watu wanaochunguzwa, na tasnifu itabeba jina moja. Kamati ya maadili ya chuo itakutaka uwe na ridhaa zao zilizoandikwa, pamoja na za watazamaji utakaowahoji. Kwa ugonjwa kama kifua kikuu itakuuliza utazifichaje sura kwenye video, na ina haki ya kukuuliza. Lakini usingoje kamati. Kaeni kabla hujatuma pendekezo, si baada. Semeni video ni za nani. Semeni mtu akitaka kujitoa katikati, sehemu yake itafutwaje. Semeni majina yao yatatajwa wapi kama watunzi wa onyesho, maana mchezo mliutunga pamoja na haki hiyo haiishi kwa sababu wewe umekwenda shule. Na mchague sasa hivi mtu wa kuongoza utakapokuwa haupo, aanze kuongoza wakati bado upo, akosee mbele yako.

Kisha kuna jambo ningependa ulifanye kwenye onyesho lenu lijalo. Mchukue yule anayesema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba jukwaa halisomewi. Siku hiyo asiigize. Mpe daftari, akasimame nyuma kabisa ya watazamaji, aandike ukurasa wa kushoto peke yake: nani alicheka, lini, nani alimtazama nani. Wewe utakuwa mbele na hutaweza kuyaona. Usiku mkikutana, msomee ulichokumbuka wewe, naye akusomee alichoandika, na pale mtakapotofautiana pigieni mstari.